Mtumwa, Kibarua na Mtumishi: Neno Lifutwe au Libaki?

Katibu wa tawi moja la wafanyakazi wa majumbani ametuletea nakala za barua mbili na swali moja. Barua ya kwanza ni malalamiko ya mwanachama, dada aliyefanya kazi za ndani kwa tajiri mmoja kwa zaidi ya mwaka. Mstari wake wa kwanza unasema: "Mimi nimekuwa mtumwa katika nyumba hii." Barua ya pili ni jibu la tajiri. Anasema kwamba huyu hakununuliwa na mtu, analipwa, anakula na analala, mtumwa halipwi, kwa hiyo afute neno hilo kwanza, ndipo mazungumzo yaanze. Katibu anatuuliza: neno lifutwe au libaki?

Tulifikiri tungemjibu kwa mistari miwili. Tulipoanza kuulizana wenyewe ofisini tukaona kila mmoja ana maana yake ya neno "mtumwa", na hakuna aliyekuwa na hakika. Basi tumeamua kulichambua hapa, kwa sababu neno hili tunalisikia kila mkutano, na wenzetu wa nchi jirani wanaosoma ukurasa huu wanalo la kwao linalofanana nalo.

Mzizi wa neno ni kutuma. Anayetuma ni mtumaji, na anayetumwa ni mtumwa. Kwa sarufi tupu maana yake ndiyo hiyo, wala hakuna zaidi. Hata mtoto aliyepelekwa dukani kuleta chumvi ametumwa. Kutoka mzizi huohuo tunapata Mtume, ambaye ametumwa na Mungu. Tunapata tume, yaani watu waliotumwa kuchunguza jambo fulani. Tunapata pia mtumishi, kutoka kutumika, kama mpishi anavyotoka kupika na mwandishi kuandika. Mtume, mtumishi na mtumwa ni watoto wa tumbo moja, lakini mmoja hatajwi bila heshima, wa pili hupewa kiinua mgongo akistaafu, na wa tatu aliuzwa sokoni Unguja.

Katika dini neno lenyewe halikuwa tusi. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walimwita Paulo mtumwa wa Kristo, na kila Mwislamu aitwaye Abdallah anabeba jina lenye maana ya mtumwa wa Mungu. Visiwani na pwani wapo watu ambao jina lao la kuzaliwa ni Mtumwa au Kijakazi, na wanaitika bila haya. Jambo hili linafaa kukumbukwa kabla hatujacheka jina la mtu kwenye orodha ya michango.

Lakini pwani ya zamani, "mtumwa" lilikuwa neno la jumla tu. Ndani yake mlikuwa na vyeo, kama ilivyo kiwandani leo. Aliyekamatwa vitani au katika uvamizi aliitwa mateka. Aliyefika karibuni kutoka bara, hajui lugha wala desturi za mji, aliitwa mjinga. Tusi tunalotupiana leo lilikuwa jina la mtu mgeni aliyeng'olewa kwao. Mtoto wake aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na huyo alijiona bora kuliko mjinga. Mtumwa mwanamume alikuwa mtwana, mwanamke mjakazi, na mwanamke aliyefanywa kinyumba na bwana wake alikuwa suria. Watumwa wa bwana mmoja waliitana wajoli. Neno "mjoli" limekaribia kupotea, nasi tunalisikitikia kidogo, maana lilikuwa neno la watumwa wenyewe, si la bwana, na lilitaja ule uhusiano wa watu wanaobeba mzigo mmoja.

Hapa tuweke sawa kosa moja. Wengi hudhani mjakazi ni "mtu aliyekuja kufanya kazi". Sivyo. "Mja" ni neno la zamani la mtumwa, na hata leo tunasema waja wa Mungu. Hiyo "-kazi" ya mwisho si kazi ya mikono. Ni alama ya zamani ya uke. Wenzetu wa Uganda hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa mwanamke kwa Kiganda ni omukazi. Wa Rwanda nao wanamwita malkia umwamikazi, yaani mfalme wa kike. Basi mjakazi ni mja wa kike. Kwa Kirundi utumwa mpaka leo huitwa ubuja, na msomaji aliye Bujumbura atakuwa ameshaona neno linakoelekea.

Mtumwa aliyelipwa mshahara

Tajiri wetu anasema mtumwa halipwi. Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, kwa sababu hoja hii tumeisikia mara nyingi, tena kutoka vinywa vya watu waliosoma, nayo haina msingi katika historia ya pwani.

Watumwa wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 hawakulipwa. Walifanya kazi ya bwana siku tano kwa kawaida, na Alhamisi na Ijumaa walilima vipande walivyopewa, ili wajilishe wenyewe. Lakini mjini mambo yalikuwa mengine. Bandari ilihitaji watu wa kupakia na kupakua shehena, wa kusafisha sandarusi, wa kubeba pembe za ndovu na magunia ya karafuu. Mwenye watumwa mjini hakuwa na kazi ya kuwapa wote nyumbani kwake, kwa hiyo aliwatoa wakafanye kazi ya ujira kwa wafanyabiashara, kwa siku. Jioni mtumwa alipokea ujira. Nusu yake, na mara nyingine zaidi, aliipeleka kwa bwana. Iliyobaki ilikuwa yake, ale nayo, avae nayo.

Mtu huyo aliitwa kibarua. Neno linatokana na barua: alipewa kijikaratasi, barua ndogo, akionyeshe wakati wa malipo kuthibitisha kwamba kweli amefanya kazi siku hiyo. Karatasi ikawa jina la mtu. Na Waingereza, ambao sheria ya kwao iliwakataza kumiliki mtumwa, hawakuona tatizo kumkodi mtumwa wa mtu mwingine na kulipa fedha mkononi mwake, wakijua vizuri nusu inakwenda wapi.

Kwa hiyo mshahara peke yake hauthibitishi kitu. Alikuwapo mtumwa anayelipwa kila jioni, anatembea mjini bila mnyororo, pengine anakaa chumba chake mwenyewe, na bado ni mtumwa. Alichokosa si fedha. Alichokosa ni uwezo wa kusema "kesho siji", na uwezo wa kuondoka bila kutafutwa. Bwana akifa, yeye hurithiwa pamoja na minazi.

Neno kibarua limebaki nasi. Utumwa ulipokwisha halikufa, likahamia kwa mtu huru anayefanya kazi ya kutwa, na leo tunalitumia hata kwa ajira yenyewe: "nimepata kibarua", "kibarua kimeota nyasi". Kwa ukarimu wote wa neno hilo, ni vema mwanachama ajue kwamba sheria za kazi haziruhusu mtu kuitwa kibarua milele. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ajira ya 2007 katika kifungu cha 37 inamwondoa katika ukibarua mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla isiyopungua mwezi mmoja, naye huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Waajiri wengi wanakifahamu kifungu hiki kuliko sisi, ndiyo maana huwapumzisha watu siku chache kabla mwezi haujatimia.

Waungwana na mahuru

Kinyume cha mtumwa kilikuwa nini? Leo tutasema haraka: mtu huru. Zamani jibu lilikuwa mawili. Aliyezaliwa si mtumwa aliitwa mwungwana. Aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa aliitwa huru, na wengi wao mahuru. Si kitu kimoja. Huru alikuwa na cheti au mashahidi, mwungwana hakuulizwa.

Ndiyo maana inafurahisha, na inauma pia, kuona wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara walivyojiita. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, au mahuru. Walipovuka Tanganyika na kuingia nchi ya Kongo, mbali na macho ya pwani, walijiita wangwana, na wenyeji wakawaita hivyohivyo. Kiswahili walichokipeleka huko kikaitwa Kingwana. Lugha ya sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo ilipata jina lake kutoka kwa watu ambao nyumbani kwao wasingekubaliwa kuketi baraza moja na waungwana.

Neno la mahuru ndilo lililopanda cheo baadaye. Watu wa siasa walipotafuta neno la kujitawala katika miaka ya 1950 hawakuchukua "uungwana". Walichukua uhuru, neno la aliyefunguliwa. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 kauli ya TANU ilikuwa Uhuru na Kazi. Tunaona chaguo lilikuwa sahihi. Nchi nzima ilikuwa ikiomba cheti chake.

Vyeti vya mwanzo, hata hivyo, vilikuwa na masharti. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 aliotia sahihi Sultani Barghash, na kanisa kuu la Mkunazini likajengwa mahali pale. Lakini kufunga soko si kuwaacha waliokwisha kununuliwa. Hao walisubiri mpaka tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, nayo amri yenyewe haikusema kwamba kuanzia leo wote ni huru. Ilisema mahakama hazitatambua tena haki ya bwana. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuomba. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka aliyofanya kazi. Tena aliyepata uhuru alipaswa kuonyesha ana makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri mpaka 1907. Tanganyika, Wajerumani waliamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na wazazi wao wakabaki walivyo. Utumwa wenyewe ulifutwa na sheria ya Waingereza ya 1922. Msomaji mwenye bibi aliyezaliwa kabla ya hapo ahesabu mwenyewe kama jambo hili ni la kale sana.

Wengi waliopata huru walibaki kwenye mashamba yaleyale, kwa mapatano ya kumfanyia mwenye shamba siku kadhaa za kazi kwa kuwa wamekaa juu ya ardhi yake.

Jina jipya, mzigo uleule

Baada ya hapo hakuna mwajiri aliyetamka tena neno utumwa. Yalikuja majina mengine. Kenya ikaja kipande, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza: mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kuwa na cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi zake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Isipojaa, mshahara hautoki. Katika mashamba ya mkonge likaja manamba, yaani watu wa namba, walioandikishwa mbali na kusafirishwa kama shehena. Hawakununuliwa. Waliweka alama ya dole gumba. Lakini kodi ilikuwa imewasukuma nyuma na mkataba ukawafunga mbele.

Wenzetu wa Malawi wanalo neno linaloonyesha jambo hili kuliko maneno yetu yote. Thangata, asili yake, ni msaada: majirani wanakuja kukusaidia kulima, nawe unawasaidia siku yako, kama ujima wetu. Walowezi walipochukua ardhi ya nyanda za Shire walilichukua na neno. Mtu aliyekutwa anaishi juu ya ardhi ile aliambiwa alipe kodi ya makazi kwa kazi, na kazi hiyo ikaitwa thangata. Nayo ilidaiwa hasa wakati wa mvua, wakati shamba lake mwenyewe linamhitaji. John Chilembwe alipoongoza watu wake kuinuka Januari 1915, mashamba ya Magomero, ambako thangata ilikuwa kali, yalikuwa ya kwanza kushambuliwa. Msumbiji neno ni chibalo. Sheria ya Wareno ya 1899 ilisema mwenyeji ana wajibu wa kufanya kazi, na asipojitafutia, serikali itamlazimisha. Chibalo kilijenga barabara na kujaza mashamba ya makampuni mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliokitoroka wakivuka Ruvuma kuja Tanganyika walikutana na manamba.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Kama utumwa unatambulika kwa jina tu, basi hakuna aliyewahi kufanywa mtumwa tangu 1922.

Sheria inatazama nini

Mkataba wa Utumwa wa 1926, uliopitishwa Geneva, unautambua utumwa kwa hali: mtu kutendewa na mwingine kama mali, hata kama ni kwa sehemu tu ya mamlaka ya mwenye mali. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, ndio unaotuhusu zaidi. Unazungumzia kazi ya kulazimishwa, na unatazama mambo mawili: kwamba mtu anafanya kazi kwa kutishiwa adhabu, na kwamba hakujitolea kwa hiari yake. Adhabu si lazima iwe kiboko. Kuzuiliwa mshahara uliokwisha kuuchumia ni adhabu. Kutishiwa polisi ni adhabu. Mkataba huo unaacha nje mambo machache, kama jeshi la lazima, kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na mahakama, na kazi ya dharura wakati wa mafuriko au moto. Mwaka 1957 ukaja Mkataba namba 105, mwaka 2011 ukaja namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, na mwaka 2014 ule wa 1930 ukaongezewa itifaki.

Shirika hilo limetoa dalili kumi na moja za kazi ya kulazimishwa. Hatuziandiki zote hapa. Zinazotokea sana katika barua zetu ni kuzuiwa vitambulisho au pasipoti, kutolipwa mshahara, kufungwa kwa deni, kudanganywa juu ya kazi, kutoruhusiwa kutoka, na vitisho. Wenzetu waliokwenda nchi za Ghuba kwa mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mdhamini mmoja, wamerudi na habari za dalili hizi zikiwa pamoja katika nyumba moja. Saudi Arabia ilifuta utumwa mwaka 1962 na Oman mwaka 1970, na sheria za nyumbani kwetu nazo ziko wazi: Katiba ya Uganda ya 1995 na ya Kenya ya 2010 zinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inaifanya kazi ya kulazimishwa kuwa kosa.

Sasa turudi kwa dada yetu. Ukisoma barua yake baada ya mstari wa kwanza unakuta haya: kitambulisho chake kilichukuliwa siku ya kwanza "kwa usalama". Nauli ya kumtoa kijijini iliandikwa kuwa deni, na deni halikupungua ijapokuwa mshahara ulikatwa. Miezi mitatu ya mwisho hakupewa kitu. Alipotaka kuondoka aliambiwa ataripotiwa kuwa ameiba. Mambo haya manne yako ukurasa wa pili, katikati ya malalamiko ya chakula na maneno makali ya mama mwenye nyumba, kiasi kwamba msomaji mwenye haraka hayaoni.

Jibu letu kwa katibu lilikuwa hivi. Tajiri hana haki ya kudai neno lifutwe, na sababu yake ni ya uongo. Kibarua wa Unguja alilipwa. Lakini barua iandikwe upya. Ianze na kitambulisho, deni, mshahara na kitisho, kila kimoja na tarehe yake, na jina la jumla liwe "kazi ya kulazimishwa", kwa kuwa ndilo jina ambalo afisa wa kazi analikuta katika sheria. Neno "mtumwa" likitajwa, litajwe na yeye mwenyewe, mwishoni, kama anavyojisikia. Hilo ni lake.

Tulimwambia na jambo jingine, nasi tunalirudia kwa matawi yote. Kuna barua nyingine tuliyopokea ambamo wafanyakazi wa karakana fulani wanasema wamefanywa watumwa kwa kuwa malipo ya saa za ziada yamecheleweshwa wiki mbili. Huo ni ukiukaji wa mkataba, na tutaupigania, lakini si utumwa. Neno likitumika kwa kila kitu, dada yule atakapolitumia hakuna atakayegeuka. Tena wapo wanachama, hasa wa pwani, ambao babu zao walikuwa watumwa kweli, na majirani hawajaacha kuwasimanga kwalo wakati wa posa au ugomvi wa shamba. Neno hilo likirushwa mkutanoni kwa mzaha, wao hawacheki. Makatibu walichunge.

Neno "boi" nalo tulikuta limetumika mara mbili katika barua za tawi hilohilo, kwa mtu mzima mwenye wajukuu. Tumelirekebisha kuwa mfanyakazi wa nyumbani.

Barua mpya ilipelekwa na kitambulisho kimerudishwa. Mshahara wa miezi mitatu bado unadaiwa, na tajiri sasa anasema nauli ilikuwa zawadi.